Namba ya Kwanza

Maji yalikuwa yameumeza mstari mwekundu wa pili wa kipimo. Dada yangu Mwanawetu alisimama ukingoni mwa mtaro, mwavuli wake umepinduliwa na upepo, kanga ya kichwani imelowa na kumganda shingoni, naye akiandika kwa kidole gumba kwenye simu aliyoifunika kwa mfuko wa nailoni. Nilimshika kiwiko asiteleze. Chini yetu maji ya rangi ya kahawia yalipita yakibeba chupa, majani ya migomba, kiatu cha mtoto. Na kila kilichopita kilikuwa na haraka kuliko kilichokitangulia.

"Umetuma?" nilimwuliza.

"Nimetuma."

Simu ikatoa mlio mdogo. Akanigeuzia kioo nisome: *Asante. Ujumbe wako umepokelewa.* Tukaelekeza nyuso zetu bondeni, kwenye kona ambako mtaro hupinda na nyumba za mabati hukaa chini kuliko kingo zake, tukangoja firimbi ya Oyet.

Nimesikia mengi katika umri wangu: adhana za alfajiri, vilio vya misiba, risasi za miaka ile ambayo wazee wa Kampala hatupendi kuitaja mbele ya watoto. Hakuna nilichowahi kukisikiliza kwa makini kama nilivyoisikiliza firimbi ile. Mvua ilipiga mabati, maji yakaunguruma. Firimbi haikulia.

*

Msimu mmoja kabla ya hapo mtaa mzima ulikuwa ukipiga kelele. Kila wingu lilipotanda juu ya Namuwongo palikuwa na mtu wa kupaza sauti kwamba maji yanakuja, na watu wakaacha milango wazi wakakimbilia juu ya tuta la reli. Aghalabu maji hayakuja. Waliokuja ni wezi. Mara moja walibeba mpaka sufuria lenye maharagwe yaliyokuwa bado jikoni, na kwa muda mrefu watu walitaniana kwamba wezi wa siku hiyo walikuwa na njaa ya kweli. Baada ya hapo kamati ya mtaa ikakubaliana: asipige mtu kelele tena. Itafutwe njia yenye ushahidi.

Njia hiyo aliileta Adoch. Alikuwa binti wa polisi, amezaliwa na kukulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali ngeli wala kuona haya. Alisomea mambo ya kompyuta, akafanya kazi na kikundi kidogo cha vijana waliokodi chumba juu ya karakana za Katwe. Angeweza kuutumia ujuzi wake popote, lakini bibi yake mzaa baba, Rosalba, aliishi katika nyumba ya chini kabisa pale konani, naye alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kutembea bila kushikwa, na hakutaka kuhama.

"Bibi, njoo ukae na mimi," Adoch alimwambia siku moja mbele yetu. "Iko chumba."

"Chumba yako iko ngazi ngapi?" Rosalba akamwuliza. "Unataka nipande kama nyani? Mimi ni mke wa polisi. Nyumba hii niliilipia na marehemu. Nitatoka hapa nikibebwa."

"Utabebwa, lakini mapema," dada yangu akadakia, na wote wawili wakacheka, maana walikuwa wakitaniana hivyo tangu ujirani wao ulipoanza. Rosalba alimwita Mwanawetu "Hajati wa mtaro", kwa kuwa mtaa wote ulimwita Hajati ilhali hajavuka hata mpaka wa Busia. Mwanawetu naye alimwita "Afande". Jumapili Rosalba aliporudishwa kutoka kanisani, dada yangu ndiye aliyempikia. Na mwezi wa Ramadhani Rosalba hakuwasha kiko chake cha tumbaku mpaka asikie adhana ya magharibi, akisema hawezi kumfukizia moshi mtu aliyefunga.

Basi kwa ajili ya mwanamke huyo, Adoch aliketi akaandika programu yake.

Alinieleza alivyoiandika, kwa sababu nilimwuliza, na kwa sababu aligundua kwamba mimi pia ni mtu wa kuhesabu. Nimefundisha madrasa maisha yangu yote, na nimefundisha utenzi kwa kila aliyetaka: mstari una mizani nane, ukizidi au ukipungua masikio yanakataa. Adoch alifurahi sana kusikia hivyo. "Basi Maalim, ni kama hiyo," alisema, akanigeuzia kompyuta yake. Alikuwa akitumia lugha iitwayo Python. Watu wataandika ujumbe wa simu kama wanavyotaka, alisema, kwa Kiswahili, Kiganda, Kiacholi, kwa salamu na malalamiko. Mashine haielewi neno hata moja na haina haja ya kuelewa. Inapita juu ya herufi, moja baada ya nyingine, mpaka ikutane na tarakimu. Hapo inasimama, inazikusanya tarakimu zilizoshikana, na hiyo ndiyo namba. Maneno mengine yote yanaachwa.

"Kama kupepeta mchele," nilisema.

"Ee. Makapi inaruka, mchele inabaki."

Juu ya nguzo ya daraja la reli, karibu na nyumba ya Mwanawetu, vijana walipaka rangi kipimo: mistari myeusi ya sentimita, na myekundu mahali pa hatari. Mwanawetu, aliyekuwa akiamka kabla ya kila mtu, akakubali kuwa msomaji. Namba ikipita mia na themanini, simu ya Oyet italia mlio wake maalumu. Oyet, mchomeleaji vyuma mwenye mabega kama mlango, atapiga firimbi mara moja, kisha hatafanya jambo jingine lolote kabla ya kwenda kwa Rosalba na kumbeba. Hilo lilisemwa mbele ya kamati na kila mtu akalielewa. Wengine wana miguu.

Rosalba peke yake ndiye aliyelipuuza. "Sasa simu ndio itaniambia maji imekuja? Maji haina adabu, mjukuu. Itaingia mbele ya simu."

*

Tuliifanyia majaribio siku ya kiangazi, mtaro ukiwa na maji ya kulowesha kisigino tu. Adoch alimwomba Mwanawetu aandike namba yoyote kubwa. Akaandika: *maji 200.* Punde simu ya Oyet ikapiga mlio kama wa bata aliyekanyagwa, Oyet akapuliza firimbi, watoto wakashangilia, na Rosalba akabebwa kutoka kitandani hadi relini akilalamika kwamba mikono ya Oyet inanuka grisi. Tulikunywa chai kwa furaha ile. Nilimwombea dua Adoch, akaitikia amina kwa sauti, yeye Mkatoliki.

Siku hiyo hatukujua, wala hapakuwa na namna ya kujua, kwamba tumejaribu kitu kisichofanana na kile kitakachotumika.

Baba yetu alikuwa mfanyabiashara, mjukuu wa watu waliokuja bara na misafara kutoka pwani. Juu ya kila karatasi aliyoiandika, iwe barua au hesabu ya chumvi, alitanguliza tarakimu tatu: 786. Wasomaji wengi wanazifahamu. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi, na ukizijumlisha herufi za Bismillahi hadi mwisho wake, jumla ni hiyo. Baba hakutaka jina la Mungu liandikwe kwenye karatasi itakayofungiwa karanga au kukanyagwa sokoni, akaliweka katika namba. Mwanawetu alirithi desturi hiyo. Kwenye simu aliiona ina maana zaidi, kwa kuwa ujumbe wa simu hufutwa, naye hakuweza kulifuta jina la Mola wake kwa kidole.

Mimi na yeye tulijadiliana juu ya jambo hilo tangu ujana. Nilimwambia kwamba halikupokewa kutoka kwa Mtume wala kwa masahaba, kwamba bismillahi hutamkwa kwa ulimi na haihitaji vazi la tarakimu. Nilimletea vitabu. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Wewe una vitabu, kaka. Mimi nina baba."

Siku ya majaribio hakuiweka. Tulipomwuliza baadaye, sababu yake ilikuwa rahisi na safi: mtaro ulikuwa mkavu, naye alikuwa akiandika mia mbili. Jina la Mungu halitangulizwi kwenye jambo lisilo kweli, hata kama ni mchezo. Lakini kuanzia kesho yake, alipoanza kusoma kwa haki, kila ujumbe wake ulianza na zile tarakimu tatu. Na kila mara simu ilimjibu: *Asante. Ujumbe wako umepokelewa.*

*

Firimbi haikulia. "Tuma tena," nilimwambia. Akatuma tena. Akashukuriwa tena.

"Labda Oyet ameshaona," alisema. "Labda amekwenda bila kupiga."

Tulipiga simu ya Rosalba, haikupatikana. Baadaye tulijua ilikuwa dukani ikichajiwa. Tulipiga ya Oyet, lakini mtandao ulikuwa umelemewa na mvua, ukatujibu kwa sauti ya yule mwanamke asiyeonekana. Mwanawetu alitazama kipimo, akatazama kona. Ninaamini kwamba kilichomshika pale ni ile ahadi ya kamati, asipige mtu kelele. Tulikuwa tumeiheshimu ahadi hiyo kwa muda mrefu na ilikuwa imetufaa. Kisha mstari wa tatu ukazama. Akautupa mwavuli, akaanza kushuka kwa miguu yake ya uzee, akipaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu tukiwa watoto.

Njiani tulimkuta Oyet amesimama mlangoni mwa karakana yake. Simu alikuwa ameishika mkononi, macho hayabanduki kwenye kioo.

"Hajati, mbona haijalia?" alimwuliza.

Dada yangu alinyoosha mkono kuelekea kona. Oyet akamtazama usoni, akatupita mbio.

Mlango wa Rosalba ulikuwa wa kufungukia nje. Maji yalikuwa yameusukuma na kuushikilia, na Oyet kwa mabega yake yote hakuweza kuuvuta. Ikabidi abandue mabati ya ubavuni. Majirani walikuja, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Walimtoa na kumlaza juu ya reli, kwenye kokoto, na Mwanawetu akamvutia gauni likafunika magoti. Mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya Kampala, na jua la jioni likatoka likawaka juu ya kila kitu.

Adoch siku ile alikuwa Jinja kwa kazi. Aliniambia aliona mawingu kwa mbali upande wa Kampala, akatoa simu, akatazama. Hapakuwa na onyo. Akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi yake.

*

Walimzika Rosalba kwao kaskazini. Adoch aliporudi, alikuja moja kwa moja kwa dada yangu, kompyuta kwapani, hajabadili hata nguo za safari. Nilikuwapo. Alikataa chai. Aliketi juu ya mkeka, akafungua kompyuta.

"Nimepata shida ilikuwa wapi," alisema. "Nataka nyinyi mjue kutoka kwa mimi."

Akatuonyesha. Zilikuwa jumbe zote za Mwanawetu, zimepangwa chini kwa chini, kuanzia mwanzo wa kiangazi. *786. Hajati anasalimu. Maji 15, tunashukuru.* *786. Maji 20, yana harufu leo.* *786. Asalaam alaikum. Jana sikuandika, nilikuwa na homa. Maji 12.* Na mbele ya kila ujumbe, upande wa kulia, mashine ilikuwa imeandika namba iliyoipata. Na namba hiyo ilikuwa moja tu, ikijirudia hadi mwisho wa ukurasa.

"Nilisema ichukue namba ya kwanza," Adoch alisema. "Nilifikiri mtu ataandika namba moja tu. Halafu nikasema, kama namba imepita mia tatu, itupe, kwa sababu nguzo yenyewe haifiki hapo. Ni mtu amekosea kubonyeza. Ikatupa zote, Hajati. Tangu mwanzo. Na kwa sababu ilikuwa kiangazi, sikushtuka kuona kwako hakuna kitu. Ile asante, inajibu kila mtu. Hata ukiandika matusi inasema asante."

Mwanawetu alivaa miwani. Alisoma jumbe zake moja baada ya nyingine, taratibu, kidole kikishuka kwenye kioo, mpaka akafika kwenye ule wa siku ya mvua. *786. Maji 210 na yanapanda. Mbebeni Rosalba.*

Alivua miwani.

"Kumbe wakati wote ule," alisema, "nilikuwa namwandikia nani?"

"Ni kosa yangu," Adoch alisema. "Si yako. Ningeambia mashine itafute neno maji, ichukue namba inayofuata. Ni mstari mmoja, Hajati. Nimeuandika jana ndani ya basi. Mstari mmoja tu."

"Namba ya kwanza niliiweka mimi, mwanangu."

"Na mimi ndio nilisema ichukue ya kwanza."

"Sikilizeni," nilianza, nami nilikuwa na maneno tayari, ya kadari na ajali, maneno ambayo nimeyasema katika matanga mengi na ninayaamini kwa dhati. Dada yangu akanyanyua kiganja, na nikanyamaza. Wale wawili hawakuwa wakilaumiana. Walikuwa wakinyang'anyana mzigo, kila mmoja akitaka mwenziwe asiubebe, na hapakuwa na nafasi ya mkono wa tatu.

Hatimaye Adoch alilala pale mkekani, kichwa kwenye paja la Mwanawetu, na dada yangu akamfunika kwa kanga kavu. Nje watu walikuwa wakisuuza magodoro.

*

Habari ilifika msikitini, kama habari zote. Baada ya sala ya Ijumaa mwenzangu mmoja, mtu mwema aliyewahi kusikia mijadala yangu na dada yangu, alinishika bega barazani. "Maalim," alisema, "ulisema tangu zamani. Uliwaambia hiyo namba haina asili."

Nilikuwa nimeisubiri hoja hiyo ishinde kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilitafuta viatu vyangu, nikavivaa, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo sijamfundisha mtu yeyote mlango huo wa 786. Wanafunzi wakiuliza, ninawaambia wakamwulize mwalimu mwingine. Nimejuta kwa mambo mengi niliyoyakosea. Sikujua kwamba mtu anaweza pia kujuta kwa kuwa sahihi.

Nilijaribu kumtungia Rosalba utenzi wa maombolezo. Mizani zilitimia, vina vikakaa mahali pake, na niliposoma nilichoandika, niliona mwanamke mtukufu, mvumilivu, nuru ya jirani zake. Sikumwona Afande. Nikauacha. Desturi yetu ni kumalizia utenzi kwa mwaka wake na jina la mtunzi. Wangu haukufika huko.

Adoch aliirekebisha programu, akaiongezea kutuma onyo kwa kila simu ya mtaa, na inafanya kazi. Nasema hivyo kwa uadilifu, maana yapo maneno mengi mabaya yaliyosemwa juu yake na hakustahili. Alipeleka mfano wake kwenye mitaa mingine miwili ya mabondeni. Kabla ya kuuwasha popote, hukaa na watu wazima wa mahali hapo siku nzima, akiwaomba wamwandikie ujumbe wowote, kama wanavyowaandikia watoto wao, wala hawasahihishi. Husoma jumbe zote mwenyewe kwa macho. Kazi ya kusoma nguzo ya reli sasa ni ya Oyet, aandikaye tarakimu tupu, bila salamu.

Mwanawetu hakushika tena simu kwa jambo hilo. Lakini mwezi wa nne, mvua zilipoanza kwa nguvu, nilikuwa nimekuja kumtazama baada ya alasiri, nikamkuta amekwisha vaa viatu vya mpira vya marehemu mumewe.

"Wapi, dada?"

"Chini."

"Firimbi haijalia bado."

"Najua."

Nilimfuata, kwa kuwa sikuweza kumzuia na sikuweza kukaa. Tulipofika katikati ya njia, firimbi ya Oyet ililia, ndefu na wazi, na simu zikaanza kulia nyumba baada ya nyumba, hata ile iliyokuwa mfukoni mwa kanzu yangu. Kila kitu kilikwenda kama Adoch alivyokusudia. Watu walitoka na mabeseni yao, na wazee wakatolewa kwanza. Mwanawetu hakupunguza mwendo wala hakugeuka. Alipita kati ya wale waliokuwa wakipanda, yeye akishuka, mpaka kwenye kona, mpaka kwenye nyumba ya mwisho, ambayo sasa imepangishwa kwa kijana na mkewe na mtoto mchanga. Mlango wameugeuza, sasa unafungukia ndani. Akaugonga kwa kiganja.

"Hajati, tumepata meseji," sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani. "Tunafunga vitu tu."

"Najua, mwanangu," dada yangu akasema. "Tokeni niwaone."

Akasimama pale, maji yakimzunguka viatu, hadi komeo likavutwa.